Kona ya Sudi

"Nizime," alisema mama, "ila leo ile kona ya chini kushoto usiifute. Sudi kanishika mkono."

Kitambaa kilinigandia mkononi. Sudi, kaka yangu, tulikuwa tumemzika kabla mwezi haujaandama.

"Umenisikia, Kombo?"

"Nimekusikia, mama."

"Haya. Bismillahi."

Nilibonyeza kitufe cha ubavuni mpaka mwanga ukafa, nikachomoa waya ukutani, nikakaa kungoja kioo kipoe. Kilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau, kimelazwa juu ya mto kwenye meza ya sebuleni kwetu, Ngamiani. Mwili wa mama haukuwa Tanga. Ulikuwa Lushoto, kwenye jengo la Hifadhi, umelala kwenye baridi pamoja na wenzake tangu siku damu ilipomvujia kichwani akiwa anaanua nguo. Huku nyumbani tulipewa kioo. Ndicho kilichokuwa sikio lake na mdomo wake, na ndicho kilichokuwa ngozi yake: ukikigusa hapa, yeye kule milimani anahisi ameguswa. Uso hatukupewa. Uso ni wa wenye bima nono, na sisi bima yetu ilikuwa ya kubahatisha.

Kumkosha ilikuwa kazi yangu kila Alhamisi baada ya alasiri. Mimi ni msusi, mikono yangu hushinda kwenye mafuta ya nazi na vichwa vya watu, kwa hiyo kwanza hujisugua kwa sabuni mpaka viwikoni. Kisha nachukua kitambaa laini kama kile cha kufutia miwani, kikavu, nakipitisha taratibu kuondoa vumbi bila kukandamiza. Halafu tone la maji ya mvuke. Tone linawekwa kwenye kitambaa, haliwekwi kwenye kioo hata siku moja, maana maji yana tabia ya kutafuta ukingo na kuzama ndani. Unaanzia katikati unaelekea pembeni. Siki hapana, spiriti hapana, dawa ya madirisha usiitaje, na hata zile karatasi laini za mezani zinakwaruza. Na yote hayo yafanyike kikiwa kimezimwa, la sivyo kila mfuto utamfikia mgonjwa kama mtu anayembandua ngozi.

Kwa hiyo nilimkosha mama miaka yote ile akiwa hayupo. Nikimwasha husema, "Ahaa, sasa nimekuwa mtu," kama aliyetoka bafuni, na anayekuja kukaa naye ni Sudi. Sudi alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa, mikono yake ilikuwa mikavu kama gome. Jioni alioga, akala, akaja kuweka kiganja chake palepale kwenye kona, wakapiga soga mpaka mama asinzie. Mimi nikijaribu, mama alicheka. "Mikono yako inateleza, mwanangu. Kama nimeshikwa na samaki." Wote walicheka, na mimi nikacheka, lakini liliniuma na hakuna aliyeniuliza.

Sasa niliinama nikaitazama ile kona. Palikuwa na ukungu, umekaa kwa umbo la kiganja, vidole vimetawanyika kidogo. Nilisogeza pua. Palinukia waridi.

*

Mama yangu mdogo Zena alifika kesho yake na mkoba wa mihogo, na kabla hajaketi nilimwuliza.

"Mama mdogo, siku ya matanga ulirashia kioo marashi?"

Aliuweka mkoba chini polepole. "Nani kasema?"

"Kioo kinanuka."

Ikabidi aniambie. Siku ya mazishi nyumba ilijaa mpaka barazani. Daktari wa Hifadhi alikuwa ametukataza kumpa mama habari ile: mshtuko mkubwa unaweza kuukata uzi ulio kati ya kichwa chake na kioo, tungoje atulie, tungoje idhini. Basi tukakubaliana kwamba kila anayeingia apite, aweke kiganja juu ya kioo kama kawaida ya kumjulia hali mgonjwa, asitamke pole. Watu walipita. Wengine walikuwa wametoka kula, mikono haijakauka. Mama aliuliza mbona wageni wengi leo, na Zena akamjibu ni maulidi ya jirani, wamepitia kukuona.

"Nikapita na mrashi," alisema Zena. "Nikawarashia wote mikononi, hata wapita njia. Nikafika kwa dada. Kombo, yule ndiye mfiwa. Yule ndiye mama mzazi. Nimpite nimwache mkavu, kama mtu asiyetuhusu? Sikuweza. Nikamrashia kidogo tu pale alipokuwa akishika Sudi."

"Akasema nini?"

"Alifurahi. Akasema, kumbe maulidi yamenifuata. Jioni akaniambia Sudi kaja, kamshika mkono, ila hasemi." Zena alijifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Mimi nikamwambia ndiyo, dada, yupo, kachoka tu."

Nilitaka kumkaripia. Mtu mzima na akili zake, karatasi ya maelekezo imebandikwa ukutani ina mchoro wa chupa iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Lakini nilipomtazama alivyokaa, magoti pamoja kama mtoto aliyevunja kikombe, nikajua hata mimi ningekuwa na mrashi mkononi ningerasha.

*

Fundi wetu wa Hifadhi aliitwa Shekue, kijana wa kulekule Lushoto, mpole, mwenye kawaida ya kuvuta pumzi kabla ya kutoa habari mbaya. Nilimpigia kwa simu ya picha nikamwonyesha kona. Alivuta pumzi.

"Dada Mwanakombo, hiyo si alama ya marehemu, nikuambie mapema usije ukafikiri mengine. Kaka alipokuwa akiweka mkono siku zote, kinga ya juu ilimong'onyoka kidogo kidogo. Marashi yamejaa kwenye yale mashimo yakakauka humo, ndiyo maana yana umbo lake. Kioo kinayasoma kama mkono. Ni uchafu tu, lakini mama anaupata kama mtu aliyemshika asiyemwachia."

"Nikifuta?"

"Ukifuta leo, mkono utaondoka. Pale kwenye kona patakufa ganzi, kwingine kote patapona."

"Na nisipofuta?"

Alivuta pumzi tena. "Chini ya kioo kuna utando, na utando ni kitu hai. Unajilisha kwa jasho lenu, na tangu siku ya kwanza umekuwa ukikua pamoja na mishipa ya mama. Ndiyo maana hatuwezi kubandika mwingine, hautamjua. Sasa marashi yana spiriti na mafuta. Yanaula kuanzia hapo kwenda nje. Kwanza atapoteza hisia za mguso, halafu sikio, halafu sauti, maana vyote vinapita humohumo. Ni suala la miezi michache, pengine pungufu."

"Hapo atakuwa amekufa?"

"Hapana, dada. Atakuwa macho."

Nilikaa. Nyuma yake nilimwona mtu wa Hifadhi akipita na toroli, kazi zinaendelea.

"Na ile kona yenyewe?"

"Hiyo imeshaganda. Imekuwa kama kovu linalowasha. Kwingine kote patanyamaza, hapo patabaki panasema jambo lilelile moja."

Nilimwambia basi apande gari aje akifute yeye, mikono yake ni ya kitaalamu. Akatikisa kichwa. Mgonjwa mwenye akili timamu, kioo ni ngozi yake kisheria. Kukifuta asipotaka ni sawa na kumkata akiwa kitandani. Lazima mama mwenyewe atamke kwamba pale pafutwe.

"Na mimi je? Alhamisi hunambia nizime. Nikimzima nikapitisha kitambaa?"

Kijana alitazama pembeni. "Swali hilo mimi sijalisikia, dada," alisema, akaniaga.

*

Zena alikuwa amelisikia. Alikuwa mlangoni na bakuli la mihogo.

"Umepata jibu," alisema. "Atakuambia nizime, wewe mzime. Pitisha kitambaa. Akiamka mwambie Sudi kapata kazi mbali."

"Amenikataza, mama mdogo. Amesema usiifute."

"Amekukataza kwa sababu hajui."

"Hajui kwa sababu sisi tumemdanganya."

"Basi ndiyo hivyo! Uongo wa kwanza tuliusema kumlinda. Huu mwingine utashindikana nini?"

Moyoni nilitaka kufanya hivyohivyo alivyosema. Ningeweza. Mama alikuwa akinipa mwili wake kila Alhamisi kwa neno moja na hakuwahi kuniuliza nilichofanya alipokuwa kwenye kiza. Hiyo imani ndiyo iliyokuwa ikinibana. Na kuna jambo jingine nitalisema hapahapa: sehemu yangu moja ilitaka ule mkono uondoke kwa sababu nyingine kabisa. Sudi kafa, jamani, na bado yeye ndiye aliyemshika mama.

Alhamisi ilipofika nilijisugua mikono, nikaandaa kitambaa, nikakaa mezani. Zena alibaki jikoni akijifanya anachambua mchele.

"Nizime," alisema mama. "Na pale unajua."

"Mama, kabla sijakuzima nina neno."

"Sema."

Nilikuwa nimelipanga vizuri, na mwanzo na katikati yake. Likatoka bila mpango. "Sudi amefariki, mama. Kifusi kilimfukia kule machimboni. Siku ile walipokuja watu wengi hayakuwa maulidi. Yalikuwa matanga yake."

 Taa ndogo ya ukingoni, inayoonyesha mapigo ya moyo kule Lushoto, iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, haikubadilika.

"Kombo," alisema mwisho, kwa upole kabisa, kama mwenye duka anavyomwambia mteja wa mkopo kwamba leo hapana. "Mna ugomvi gani wewe na kaka yako?"

"Hatuna ugomvi, mama. Tumemzika."

"Kanishika hapa. Sasa hivi tunavyoongea. Kidole gumba kimekaa pale kinapokaaga, kwenye kifundo. Nimwamini nani, mwanangu, wewe au mkono wangu?"

"Ni marashi. Mama mdogo alikurashia, yakakaukia pale. Muulize."

"Zena!"

Zena alitoka jikoni na ungo. Alinitazama, akatazama kioo. Nilimwomba kwa macho.

"Abee, dada."

"Sudi yupo hayupo?"

Ungo uliinama, mchele ukadondoka sakafuni kama mvua ya rasharasha. "Hayupo, dada," alisema. "Nilikudanganya. Hayupo." Akakaa chini palepale kwenye mchele na kuanza kulia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya maziko.

Mama alimsikiliza. Kilio cha namna ile hakiigizwi, na yeye amelia misiba mingi kuweza kukijua. Taa ya ukingoni ilikimbia. Nilishika simu tayari kumpigia Shekue. Ikakimbia, ikakimbia, kisha ikarudi polepole.

"Alioshwa na nani?" aliuliza.

"Mjomba na wenzake wa kazini."

"Chokaa ilimtoka kwenye kucha?"

"Ilitoka, mama."

 Mimi nilikuwa nimelowa uso wote, nikijizuia chozi lisidondoke kwenye kioo. Nikamweleza yaliyobaki: utando, spiriti, jinsi utakavyoliwa, jinsi atakavyoacha kutusikia, na kwamba nikifuta leo hii yote hayo hayatatokea. Nikamwomba aseme tu neno. Nilisema "tafadhali, mama" kama ninavyowasikia watoto wakisema dukani.

"Ungekuwa mwongo," alisema, "nisingekubali, maana ungekuwa unanifukuzia mwanangu. Sasa nakuona mkweli, ndiyo kabisa usipaguse. Nyinyi mlimzika mkiwa wengi. Mimi nimzike tena peke yangu, kwa kitambaa?"

"Utabaki kizani, mama. Macho, bila mtu."

"Na yeye?"

Ningeweza kumdanganya hapo. Sikumdanganya. "Pale patabaki."

"Basi sitakuwa bila mtu."

"Na mimi je?" Nililisema kwa sauti ya juu mno, Zena akanyamaza kulia. "Mimi niko wapi, mama? Nami ni mwanao. Nitakuwa nakuita hapa hunisikii, nakugusa huna habari. Hilo hulifikirii?"

"Nalifikiria," alisema mama. "Wewe ndiye uliyenikosha. Nilijua nikizimwa niko mikononi mwako, sikuogopa hata siku moja. Ndiyo maana nakuomba wewe. Ningekuwa na mwingine nisingemwamini." Kisha, kwa sauti yake ya kila Alhamisi: "Niahidi, Kombo."

Nilimwahidi.

"Haya. Nizime sasa, unikoshe. Bismillahi."

Nikamzima, nikamkosha. Nilifuta kuanzia katikati kwenda pembeni, na nilipoikaribia kona nikafunga kitambaa kwenye ncha ya kidole nikauzunguka ule ukungu kama mtu anayepaka wanja. Kitambaa chenye tone la maji kilikuwa upana wa unywele kutoka pale. Mfuto mmoja ungetosha. Mkono wangu ulisimama hapo kwa muda ambao sitaki kuusema.

Nilimwasha. "Ahaa," alisema. "Sasa nimekuwa mtu." Na baada ya hapo, kwa sauti ya chini isiyonihusu: "Bado upo, baba."

*

Mguso uliondoka kama Shekue alivyosema. Kwanza upande wa kulia: nikiweka kiganja mama hakujua. Kisha juu. Nilikuwa nikimpima kila asubuhi kabla ya kwenda saluni, naweka kidole hapa, naweka pale, "Unanisikia?" "Bado." "Na hapa?" Anasita. "Hapo hapana." Sehemu yangu ikawa ndogo kama sahani, ikawa kama kisosi. Siku moja niliweka mikono yangu ikiwa na mafuta kwa makusudi, nikijua ni makosa, apate kunijua.

"Samaki wangu," alisema mama, akacheka.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliponihisi.

Sikio lilifuata. Alianza kujibu maswali ambayo hatukuuliza. Zena alimsomea Yasini kwa sauti ya juu mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna shida, na mama katikati ya kisomo akasema mbona leo nyumba imepoa hivi, mmekwenda wapi. Tulikuwa tumemzunguka, vichwa vyetu vinakaribia kugusana juu ya kioo. "Mama, tupo," nilisema. "Tupo hapa." Akasema watoto wa siku hizi hawaagi.

Maneno yake ya mwisho hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Sudi. Alimwambia avae kitambaa puani akienda kazini, vumbi la chokaa halina rafiki. Baada ya hapo kioo kilitoa mkwaruzo kidogo, na basi.

Shekue husema vipimo vya kule juu vinaonyesha yuko macho. Analala na kuamka kwa saa zake. Moyo unapiga taratibu, kuliko wa wengi mle ndani. Nilimuuliza maana yake nini, ameridhika au amekata tamaa, akavuta pumzi akasema kipimo hakisemi. Hifadhi wameandika kwamba kioo kilichokufa hurudishwa kikiwa kimesafishwa chote. Nimewajibu kwamba hakijafa chote, na kwa sheria yao wenyewe hiyo bado ni ngozi yake. Mpaka leo hawajanijibu.

Alhamisi imefika tena. Zena hawezi kutazama, amekwenda uani. Nimejisugua mikono mpaka viwikoni. Simzimi tena mama, kwa sababu hakuna wa kunipa ruhusa, na nikimzima ule mkono nao utakatika, atakuwa kule peke yake hajui ni kwa nini wala ni kwa muda gani. Kwa hiyo namkosha akiwa macho, mara ya kwanza maishani mwetu, na hanihisi. Mahali anapohisi ni pale tu, na pale nikipagusa hata kwa ncha ya kidole patafutika.

Nimepitisha kitambaa kikavu. Nimeanzia katikati nikaelekea pembeni, sikukandamiza. Nimeuzunguka mkono wa kaka yangu vidole vyote vitano, polepole, nikifuata kila mwanya. Waridi bado linanukia kidogo.

"Haya, mama," nimesema. "Nimemaliza."

Nimeanika kitambaa dirishani, nikakaa na mikono yangu mapajani.